Pikipiki Yetu ya Pili

Twapenda kuwaeleza habari za pikipiki yetu ya pili. Tangu tulipoipata, walimu wenzetu wengi wametuuliza, "Bei yake kiasi gani?" na, "Yapanda mlima na abiria?" na tena, "Je, nasi tuuze zetu ndogo tununue kama hiyo?" Tumemjibu kila mtu peke yake, lakini majibu yetu hayakuwa kamili. Tuliwaeleza bei na nguvu, tukaacha jambo moja lililotutia aibu. Leo twataka kulieleza lote mbele ya wote, ili kila mwenye nyumba apime mwenyewe.

Sisi twakaa katika milima ya Usambara, upande wa Soni, nasi tuna vijiji vinne vya kufundisha. Cha karibu ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Cha mbali ni kilometa 19, na njia yake ni ya udongo mwekundu, ambao wakati wa masika huteleza kama sabuni. Krapf alipokwenda Vuga kwa Kimweri mwaka 1848 alikwenda kwa miguu, na walimu waliotutangulia walikwenda vivyo hivyo miaka mingi. Halafu zikaja baiskeli, ambazo katika milima hii husukumwa zaidi kuliko kupandwa. Sisi wenyewe tulisukuma baiskeli miaka 11. Basi mwaka 2013 tulipopata pikipiki ya kwanza, twakiri kwamba tulijiona matajiri.

Pikipiki ile ilikuwa ya Kichina, ya cc 125, kama zile nyingi zinazobeba abiria katika kila njia panda. Fundi aliyekuwa akiitengeneza alitufungulia injini siku moja, akatuonyesha ya kuwa asili yake si Uchina. Mwaka 1976 kiwanda cha Honda cha Japani kilitoa pikipiki iitwayo CG125, nayo ilikusudiwa nchi ambazo njia zake ni mbovu, mizigo ni mizito, na fundi yu mbali. Ndani ya injini hawakutia mnyororo wa kuzungusha vyuma vya juu, kwa kuwa mnyororo huo wataka kuangaliwa mara kwa mara. Walitia vijiti vigumu vya chuma vinavyosukuma vali. Baadaye viwanda vingi vya Uchina viliiga injini hiyo, na ndiyo maana vipuri vyake hupatikana hata penye duka la chumvi na kiberiti.

Nguvu yake si nyingi, yapata farasi kumi hivi, lakini ilikuwa na uvumilivu mwingi. Tulipochelewa kubadili oili, haikulalamika. Tulipobadili gia vibaya, ilikohoa kidogo ikaendelea. Na katika mteremko ilikuwa na tabia moja njema ambayo hatukuijua thamani yake: tulitia gia ya pili, tukaacha mkono wa mafuta, na injini yenyewe ikauzuia mwendo, kama mtu ashikaye kamba ya mbuzi. Breki tuliigusa kwa mguu tu, mara mojamoja. Breki ya mbele hatukuitumia kabisa, maana tangu siku za baiskeli tuliambiwa kwamba breki ya mbele humpindua mtu. Tulishuka na kupanda miaka mitano kwa namna hiyo, hatukuanguka ila mara mbili katika matope, tukajihesabu kuwa madereva hodari. Kumbe uhodari ule ulikuwa wa pikipiki, haukuwa wetu.

Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ilionekana na kila mtu. Kabla ya kijiji cha nne pana mlima mkali. Tulipokuwa peke yetu tulipanda kwa gia ya kwanza, polepole, hata juu. Lakini tulipompakia mama watoto, injini ilizimika katikati. Basi desturi yetu ikawa hii: tukifika chini ya mlima, mama watoto hushuka, hutwaa kikapu chake, akapanda kwa miguu, nasi hutangulia na pikipiki tukamngoja juu. Alifanya hivyo miaka mitano. Tulipomwambia pole, alijibu, "Nanyosha miguu."

Hata mwisho wa mwaka 2018 tukamwambia kwamba twataka kuuza pikipiki na kununua yenye nguvu zaidi. Tulimtolea sababu tatu. Ya kwanza, mlima ule, ili asipande tena kwa miguu. Ya pili, wagonjwa, maana watu wa vijijini hutuita usiku wakitaka mgonjwa apelekwe kwenye zahanati. Ya tatu, wakati wa masika, ambapo pikipiki ndogo hukwama. Sababu hizo zote zilikuwa za kweli, lakini hazikuwa zote. Iko ya nne ambayo hatukuitaja, nayo ni hii.

Siku moja tulikuwa tukipanda taratibu, na nyuma yetu akaja kijana tuliyemfundisha kusoma, ambaye sasa ni dereva wa bodaboda. Alikuwa amepakia watu wawili na gunia la karoti. Akatupita pale pale kwenye mlima, akageuza kichwa, akasema kwa adabu kabisa, "Shikamoo, Mwalimu!" kisha akatokomea, akatuachia vumbi. Kijana yule hakukosa neno, alitusalimu kama ipasavyo. Walakini salamu ile ilituchoma moyo kuliko tusi. Tangu siku ile tulianza kuziangalia pikipiki za watu, kama mtoto aangaliaye chungu cha jirani.

Basi tukaipata. Ilikuwa ya Kijapani, kuukuu kidogo, ya cc 175, ya namna zile zilizokuwa zikitumiwa na mabwana shamba na watu wa miradi. Bei yake shilingi 1,600,000. Ile ya kwanza tuliiuza kwa 650,000. Akiba yetu katika chama cha kuweka na kukopa ilikuwa 550,000. Zikabaki 400,000, nazo zilikuwa fedha za kabichi na viazi alizoziweka mama watoto kwa kununua mabati ya jiko, kwa kuwa jiko letu lilikuwa likivuja. Tulipomwomba alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Jiko litangoja." Akatupa fedha zikiwa zimefungwa katika pembe ya kanga. Leseni yetu ilikuwa ya daraja la pikipiki ndogo, tukaenda kuibadilisha; jambo hilo tulilifanya sawasawa, na jambo hilo tu.

Siku ya kuichukua, tulikwenda na yule fundi wetu aikague. Akaizunguka, akaipiga kiki, akasikiliza mlio wake, akasema, "Mwalimu, chuma hiki ni kizima. Lakini si ndugu yake ile ya kwanza. Ile ilikuwa ya mapigo manne, hii ni ya mapigo mawili. Ina tangi lake la oili hapa pembeni. Ukisahau kulijaza, pistoni itakwama njiani. Na ukishuka mlima, usiitegemee gia. Hii haishiki. Tumia breki zote mbili, kidogo kidogo, na ukisikia harufu, simama."

Maneno hayo twayaandika leo kama alivyoyasema, neno kwa neno, maana tumeyakumbuka mara nyingi tangu wakati ule. Lakini siku ile tuliitikia, "Ndiyo, fundi, ndiyo, fundi," huku macho yetu yakiangalia rangi ya tangi. Alipokwisha kusema, tulimuuliza yaweza kukimbia kiasi gani. Akatutazama, akasema, "Kuliko utakavyopenda."

Majuma mawili ya kwanza yalikuwa ya furaha, wala hatutaficha. Kiti chake kilikuwa kirefu, hata ncha za miguu yetu zikagusa chini kwa shida, nasi tukawaona watu kutoka juu. Tabia yake ilikuwa ya kushangaza: ukivuta mafuta kidogo, hulala kama isiyo na nguvu, ukizidisha, mlio wake hubadilika ghafula, nayo huruka mbele kama iliyochapwa fimbo. Siku ya kwanza tulipopanda mlima wa kijiji cha nne na mama watoto, gurudumu la mbele liliinuka, naye akatushika kiuno kwa mikono miwili asianguke nyuma. Tulipofika juu tulisimama kwa desturi, kana kwamba twamngoja mtu, kisha tukakumbuka kuwa yupo nyuma yetu. Tulicheka sana. Yeye naye alicheka, lakini alisema, "Punguza kidogo, mimi si gunia."

Sasa tufike penye neno lenyewe.

Mwezi wa Januari 2019 shule zilifunguliwa. Binti yetu wa kwanza yuko shule ya bweni, na hana budi kufika Mombo apande basi kubwa. Wenyeji waijua barabara ile. Kutoka Lushoto kupita Soni hata Mombo ni kilometa 33 hivi, ya lami, imebandikwa ubavuni mwa mlima, yenye kona juu ya kona. Lushoto iko juu karibu mita 1,400, na Mombo iko chini katika nyika yenye joto. Kwa hiyo yote ni mteremko. Basi dogo la asubuhi lilikuwapo, wala nauli yake si kubwa. Mama watoto alisema, "Apande basi, sanduku lake ni zito." Sisi tukasema tutampeleka wenyewe. Tulitaka tuonekane Mombo tukishuka na pikipiki ile, na binti yetu nyuma amevaa sare mpya. Tulimnunulia kofia ngumu, tukafunga sanduku lake la bati nyuma ya kiti kwa mipira, tukaondoka.

Tulipopita Soni na maporomoko yake ya maji, mteremko ukazidi. Tulifanya kama tulivyozoea miaka mitano: gia ya pili, tukaacha mafuta, tukangojea injini ishike. Haikushika. Injini ya mapigo manne ukiifungia mafuta huwa kama pampu, huvuta na kubana hewa bila faida, na kazi hiyo hupunguza mwendo. Ile ya mapigo mawili hubana kidogo tu, hata katika gia ya chini huteremka karibu kama baiskeli. Basi tukatia mguu juu ya breki ya nyuma, tukauacha pale pale, kona baada ya kona. Na tangu hapo hatukuuondoa.

Binti yetu akasema, "Baba, polepole." Tukamjibu, "Mwanangu, hii si ile ya zamani."

Tukaenda mbele kidogo, akasema tena, "Baba, nasikia harufu ya kitu kinaungua." Tukamjibu kwamba injini za namna hii hutoa moshi. Harufu ile haikuwa ya moshi. Breki ya ngoma ikibanwa muda mrefu bila kupumzishwa hupata moto ndani yake, na ikiisha kupata moto vile viatu vyake haviumi tena. Fundi alikwisha kutuambia: ukisikia harufu, simama. Nasi tuliambiwa harufu na mtoto wetu mwenyewe, hatukusimama.

Kona iliyofuata ilikuwa kali, na lori la kurudi kuchukua mboga lilikuwa likipanda, limechukua sehemu kubwa ya njia. Tukakanyaga breki, mguu ukazama kama tuliokanyaga tope. Mwendo wetu ulikuwa kilometa 60 kwa saa. Ndipo tulipokumbuka breki ya mbele, ambayo hatukuizoea, tukaibana yote kwa mara moja. Chini palikuwa na mchanga mwembamba, na gurudumu likateleza. Upande mmoja lilikuwa lori, ng'ambo yake korongo, na upande wetu mfereji wa maji chini ya mlima. Tukaiangusha mferejini.

Sisi tulichubuka viganja na goti. Binti yetu alianguka juu ya bega la kushoto, na sanduku likampiga mgongoni. Dereva wa lori na utingo wake wakasimama, wakatukimbilia. Tulipomfikia alikuwa ameketi ndani ya mfereji, kofia yake imekwaruzwa upande mzima, uso umekuwa wa kijivu, mkono wa kulia umeushika wa kushoto. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Baba, umeumia?"

Hospitali walimpiga picha, wakaona mfupa wa mtulinga umevunjika. Wakamfunga mkono kwa kitambaa shingoni, wakasema majuma sita. Shule alikosa majuma manne, naye alikuwa katika mwaka wa mtihani.

Jioni mama watoto alifika. Alimtazama binti, akamweka mto sawasawa, akatuita nje. Hakupaza sauti. Aliuliza, "Alikwambia upunguze?" Tukamjibu kwamba alituambia. Akauliza, "Mara ngapi?" Tukasema, "Mara mbili." Basi hakuuliza tena, akarudi ndani. Tangu siku ile hajalitaja neno hilo, wala la mabati, ijapokuwa masika yale aliipika chakula chetu chini ya jiko linalovuja.

Wasomaji wapenzi, wazee wetu walisema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mithali hiyo tumeifundisha watoto wengi ubaoni. Lakini tuliposimama nje ya wodi ile usiku, tuliona kwamba katika mambo ya pikipiki mithali haikumaliza. Asiyesikia tulikuwa sisi. Aliyevunjika alikuwa mwingine. Tena huyo mwingine ndiye aliyesikia, ndiye aliyeonya, naye hakuwa na usukani wala breki. Mtu anunuaye nguvu kubwa zaidi adhani ameinunua kwa fedha zake. Kumbe sehemu ya bei hulipwa na yule aketiye nyuma, naye hakuulizwa.

Wengine walitushauri tuiuze. Tulifikiri sana, tukaona kuiuza si dawa, maana kosa halikuwa katika chuma. Tungenunua nyingine ndogo, na yule kijana angetupita tena, na moyo ungebaki ule ule. Tukamrudia fundi, tukamwomba atufundishe tangu mwanzo kama mtu asiyejua kitu. Hakutucheka. Akabadili viatu vya breki, akasema, "Jumamosi njoo uwanja wa mpira, asubuhi, kabla ya watoto kufika."

Tulikwenda Jumamosi tano. Hatukuruhusiwa kupita mwendo wa kilometa 20 kwa saa katika Jumamosi ya kwanza na ya pili. Na haya ndiyo tuliyojifunza huko, pamoja na yale tuliyolipia barabarani. Twayaweka hapa kwa faida ya walimu wanaotaka kubadili pikipiki.

La kwanza, breki ya mbele si adui. Pikipiki inapozuiwa, uzito huinamia mbele. Gurudumu la nyuma huwa jepesi, huteleza, na la mbele ndilo lishikalo ardhi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kusimama ni kazi ya breki ya mbele. Lakini ibanwe kama mtu akamuaye ng'ombe, kwa kuongeza taratibu, wala isinyakuliwe. Na penye matope au mchanga, iguswe kidogo mno, tena pikipiki ikiwa imesimama wima. Tuliyoiogopa miaka yote ndiyo ingalituokoa, kama tungaliizoea kabla ya haja.

La pili, gia ya chini itiwe juu ya mteremko, kabla ya kuanza kushuka. Breki zote mbili zitumiwe kwa kubana na kuachia, ili zipate kupoa. Na mwenye injini ya mapigo mawili ajue kwamba injini haitamsaidia sana. Mteremko ukiwa mrefu, simama mahali palipo salama, ushike kivuli kidogo. Hakuna mkutano ulioharibika kwa mwalimu kuchelewa dakika kumi.

La tatu, ujue hesabu ya mwendo. Mtu aendaye kilometa 40 kwa saa, kabla mkono wake haujaigusa breki, kama akikawia nukta moja tu, amekwisha kwenda mita 11. Aendaye 60 amekwenda karibu mita 17. Na baada ya kushika breki, mwendo wa 60 hauhitaji nafasi ya mara moja na nusu kama tudhanivyo, bali zaidi ya mara mbili, kwa maana nguvu ya mwendo huongezeka kwa mwendo kuzidishwa kwa mwendo. Hesabu hii twaweza kuifanya ubaoni pamoja na watoto wa darasa la saba; sisi tuliifanya, na watoto waliielewa upesi kuliko mwalimu wao.

La nne, bei ya dukani si bei yote. Ile ndogo ilikuwa ikienda kilometa 40 na zaidi kwa lita moja ya petroli. Hii huenda 25. Juu yake oili yake ya peke yake, na vipuri ambavyo havipatikani kijijini, sharti viagizwe Tanga au Dar es Salaam. Mwenye kununua aandike haya yote katika karatasi, kisha amsomee mama wa nyumba kabla ya kumwomba fedha za mabati.

La tano, usimpakie mtu katika miezi miwili ya kwanza, awe mke, awe mtoto, awe mgonjwa ambaye yuko mwingine wa kumchukua. Abiria hubadili uzito wote wa pikipiki, na mizigo ya nyuma zaidi. Kwanza ijue wewe mwenyewe.

La sita ndilo kubwa, nalo si la fundi. Andika sababu zako za kutaka kubadili. Ukiisha kuziandika, jiulize iliyobaki bila kuandikwa ni ipi. Sisi hatusemi kwamba mtu asinunue. Usiku mmoja wa mwezi wa nne, mvua ikinyesha, tulimpeleka mkunga kijiji cha nne, tukaupanda mlima ule bila kusimama, na mama akajifungua salama. Pikipiki ndogo isingaliweza. Sababu tatu tulizomwambia mama watoto zimetimia zote. Ni ile ya nne iliyovunja mfupa.

Binti yetu alipona, alirudi shuleni mwezi wa Februari kwa basi dogo. Hatukumwambia neno, tulimbebea sanduku hata kituoni. Mtihani wake aliufanya, akashinda, ingawa somo la hesabu lilimpungukia kwa ajili ya majuma yale manne. Mwezi wa Juni alipokuja likizo tulimpokea Soni kwa miguu, ingawa pikipiki ilikuwapo.

Siku ya kurudi, basi dogo liliharibika. Tulikuwa tukitafuta njia nyingine, naye akasema mwenyewe, "Baba, nitapanda. Lakini kwenye zile kona kali nitashuka, nitembee." Sanduku tukalikabidhi kwa gari la mboga, tukaondoka polepole. Kila penye mteremko mkali alitugusa bega, nasi tukasimama, akashuka akatembea, nasi tukatangulia na kumngoja chini. Tulipofika kwenye mfereji ule hakuutazama.

Zamani mama yake alishuka na kupanda mlima kwa miguu kwa sababu ya udhaifu wa injini. Sasa binti hushuka na kuteremka kwa miguu kwa sababu ya udhaifu wa dereva. Hatumhimizi aache desturi hiyo. Siku atakayoiacha ni shauri lake.

Mabati ya jiko tulinunua mwezi wa Agosti.

Wasalamu,
Sisi ndugu yenu, mwalimu wa vijiji vinne, Usambara.